Kifungu cha Saba

Kazi yangu ni konokono.
Asubuhi, kabla ofisi hazijafunguliwa,
napita Kibuye kununua mchicha ulionyauka.
Mama Nyarangi huniuliza kila siku
nafuga sungura wangapi,
nami kila siku namjibu: mia nne.

Hawana masikio, sungura wangu.
Wanakaa katika mabeseni yenye maji ya ziwa,
kila beseni na jina la ufuo: Dunga, Usoma, Ogal.
Wadogo kama kifungo cha shati,
na ndani yao kichocho cha matumbo
kinasubiri miguu ya mtoto.

Miaka kumi na miwili tumeshirikiana na wenzetu wa kaskazini.
Ushirikiano, ndivyo unavyoitwa,
na nembo mbili juu ya karatasi,
ya kwao kushoto.
Tulipeleka. Neno lilikuwa hilo, kupeleka:
damu, magamba, choo cha watoto kwenye vichupa,
barafu kavu ikifuka uwanja wa ndege wa Kisumu,
mchukuzi akidhani tumebeba mbuta.
Mara moja tulipeleka konokono hai.
Walifika Januari. Walifika wamekufa.
Tukaletewa barua ya pole, na fomu ya kujaza.

Jumanne walikuja sita, na mkataba mpya.
Mimi nilikuwa wa chai.
Chai si kazi yangu, ila wa chai alikuwa mgonjwa,
ndiyo maana nilikuwepo
Daktari Apondi alipofika kifungu cha saba
akakisoma kwa sauti:
*Sampuli zote zitahifadhiwa kwa mshirika wa kwanza.*
Akakisoma tena.
Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso,
akakisoma mara ya tatu, polepole,
kama mtu aliyekuta jina lake kwenye orodha ya wadeni.
“Mshirika wa kwanza,” akauliza, “ni yupi?”

Kijiko changu kikagonga kikombe. Wote wakageuka.
“Huyu ni Khavere,” akasema Daktari. “Ndiye anayewalisha.”

Basi tukaenda, tumebanana, chumbani kwangu kwenye joto.
Nikawatenga konokono wa Dunga,
kila mmoja na kikombe chake cha kioo,
nikawasha taa.
Mwanga ndio huwaita watoke, hao waliomo ndani.
Dakika arobaini tulisimama.
Hakuna aliyepiga picha.
Kisha maji yakaanza kuchezacheza
kama vumbi ndani ya mwale wa jua,
vitu vyenye mkia wa panda, mamia,
na Profesa Ingvild, mwenye makala thelathini juu ya mdudu huyu,
akainama, akainama zaidi, akanyosha kidole.
“Hapana,” nikasema, nikamshika mkono.
“Wanaingia kwenye ngozi.”

Alinyamaza. Akasema jambo kwa lugha ya kwao,
halafu kwa lugha ya mikutano:
hakuwahi kuwaona wakitoka.
Alikuwa akiwajua kwa herufi nne tu.

Kifungu cha saba hakikufutwa, nisiwadanganye.
Kilikatwa katikati, kama mkate wa wageni wengi.
Nusu inabaki. Mashine ya kusoma jeni itakuja
(na umeme wetu unajua uzito wa hiyo *ita*).
Wanafunzi wawili wataenda kwao,
wao wataleta wawili
wajifunze kununua mchicha.
Jina langu limo ukurasa wa tisa,
limekosewa herufi moja.

Jioni nikashuka Dunga kuteka maji ya mabeseni.
Omenda, wa darasa la tano,
aliyetujazia kichupa mara nne kwa miaka miwili,
akanifuata mpaka ukingoni.
“Kwani mliona nini,” akauliza, “kwenye choo changu?”

Nembo mbili, makala thelathini,
na swali hilo halina kifungu.
Nikatua ndoo.
Nikamwambia.